Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Huduma za Maabara: binadamu si tumbili

Bwana Mkurugenzi,

Pokea salamu zetu za heshima, sisi tunaopima damu katika maabara za hapa Nairobi. Tulikuandikia Machi, tukakuandikia tena Juni, na mara zote mbili ukaahidi kwamba vitendanishi, yaani kemikali za kupima wingi wa virusi vya UKIMWI (VVU), vitafika kabla ya mwezi kwisha. Hatukutaka kuyaleta haya hadharani. Lakini wiki jana, mbele ya kikao kizima, ulisema kipimo hiki kinaweza kungoja kwa sababu wingi wa virusi hauonyeshi nani ataugua, ukatoa mfano wa tumbili wanaobeba virusi maisha yao yote bila kuugua.

Kuhusu tumbili ulisema kweli. Tumbili, na mangabe, kima wa Afrika Magharibi, huishi na SIV, virusi vya kima vilivyo ndugu wa VVU, wakiwa na nakala 100,000 na zaidi za virusi katika mililita moja ya plasma, yaani majimaji ya damu yasiyo na seli, na kwa kawaida hawapati UKIMWI. Ila habari uliikata katikati. Virusi vya mangabe vilipoingia kwa kima wa Asia, rhesus, katika vituo vya utafiti vya Marekani, kima hao walipata UKIMWI wakafa. Virusi vimetoka kwa mangabe yule yule mzima. Kilichobadilika ni mwili uliovipokea.

Kinga ya tumbili huwaka wiki chache za mwanzo, kisha hutulia. Ukuta wa utumbo hubaki imara, vijidudu vya tumboni havivuji kuingia kwenye damu, na seli zake nyingi za CD4, seli za kinga ambazo virusi hivi hushambulia, zikikomaa huacha kubeba kipokezi kile ambacho virusi hukishika ili kuingia. Kwa rhesus moto huo hauzimiki. Virusi hufika kileleni kati ya siku ya 10 na ya 14, mara nyingi mamilioni ya nakala kwa mililita. Ndani ya wiki 3 seli za CD4 za utumboni zimekwisha karibu zote. Halafu namba hushuka, na kufikia wiki ya 8 hadi ya 12 huwa imetulia. Hapo ilipotulia ndipo pa kutazama: ikitulia juu, kima huugua mapema, wengine hawamalizi mwaka, ikitulia chini, huishi miaka. Mwaka 1999 watafiti waliwaondolea rhesus seli za CD8, zile zinazowinda seli zilizoambukizwa. Virusi vikapanda, seli ziliporudi, vikashuka.

Binadamu yuko upande wa rhesus, Bwana Mkurugenzi. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1996 ulionyesha kwamba wingi wa virusi katika plasma hutabiri UKIMWI na kifo vizuri kuliko idadi ya CD4. Mtu akiacha dawa, virusi kwa kawaida hurudi ndani ya wiki 2 hadi 4. Anayengoja CD4 ishuke ndipo ajue, amechelewa. Aliyezidi nakala 1,000 hushauriwa kuhusu kumeza dawa, kisha hupimwa tena baada ya miezi 3. Bila jibu la kwanza, miezi hiyo 3 haianzi kuhesabiwa.

Na damu haikai ikisubiri. Ile ya tyubu ya kifuniko cha zambarau lazima izungushwe kwenye mashine na plasma itengwe ndani ya saa 24, la sivyo RNA, chembe ya urithi ya virusi tunayoipima, huharibika na namba hushuka kwa uongo. Plasma kwenye friji ya nyuzi 2 hadi 8 haipaswi kupita siku 5. Baada ya hapo ni friza, na friza zimejaa. Tafadhali usitushauri tena tudondoshee damu kwenye karatasi. Karatasi hubeba na DNA ya virusi iliyo ndani ya seli, hivyo namba inaweza kupanda kwa uongo, na zaidi ya hayo, karatasi nayo hupimwa kwa vitendanishi hivyo hivyo tusivyo navyo.

Kama havitoshi kwa wote, tuanze na wajawazito, wanaonyonyesha na watoto. Lakini vije. Hatuombi semina, wala kamati, wala waraka mwingine. Tunaomba vitendanishi, na tarehe ya kufika kwake iandikwe kwenye barua yenye sahihi yako.

Wako kwa heshima,
Wataalamu wa maabara, Nairobi