Asilimia 3 ya ajira inakwama kwenye mlango wa choo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Kila ikikaribia Desemba 3, Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu, waajiri hukumbushwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010: mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe asilimia 3 kati yao ni watu wenye ulemavu. Waajiri nao hujibu kwamba nafasi zipo ila waombaji hawaonekani, au wakiajiriwa hawadumu. Kwa sisi tunaoshughulika na marekebisho ya makazi, sababu mara nyingi haipo ofisini. Ipo Manzese, Mbagala au Gongo la Mboto hapa Dar es Salaam, kwenye nyumba ya kupanga yenye choo cha uani na mlango wa sentimita 60.

Kiti mwendo cha mtu mzima kina upana wa sentimita 60 hadi 70, na mikono inayosukuma magurudumu inahitaji nafasi yake. Mlango unaopitika vizuri ni ule unaoacha sentimita 80 wazi. Asiyeingia chooni kwake bila kubebwa hujinyima maji tangu jioni, na anayejinyima maji kila siku yuko hatarini kupata maambukizi ya njia ya mkojo. Mwajiri anachokiona ni utoro.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa anayetafuta chumba: anza na choo, chumba baadaye. Dalali anataka kodi ya mwezi mmoja na mwenye nyumba anataka ya miezi sita, na ukishalipa ndiyo basi. Kabla hujapanda bajaji kwenda kuangalia, mwambie dalali akutumie video fupi ya simu akiwa ameweka futi kamba sehemu tatu: kimo cha kizingiti cha mlango mkubwa, upana wa mlango wa choo, na urefu wa korido. Aonyeshe pia koki ya maji ilipo. Anayetembelea magongo hawezi kubeba ndoo ya lita 20, kwa hiyo chumba chenye bomba karibu kinaweza kumfaa kuliko kizuri zaidi kinachotegemea kisima cha jirani. Dalali anayekataa kupima amekuokolea nauli.

Rampu ndiyo inayoharibiwa zaidi na mafundi wetu. Kanuni ni moja kwa kumi na mbili: kila sentimita 1 ya kimo inahitaji sentimita 12 za urefu. Kizingiti cha sentimita 15 kinataka rampu ya sentimita 180. Cha 30 kinataka mita 3 na sentimita 60, na uani kwingi hakuna nafasi hiyo, hivyo inabidi ikunjwe kona kwa kuweka sehemu tambarare ya mita moja na nusu katikati. Fundi akiachwa peke yake hujenga ya sentimita 60, halafu anaipiga niru ing'ae. Mvua za masika zikianza, hiyo ni ngazi yenye utelezi. Juu paachwe na mikwaruzo ya fagio, na pembeni pawe na ukingo wa sentimita 5 ili gurudumu la mbele lisidondoke. Kwa rampu ya sentimita 180 yenye upana wa mita moja, mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 unatosha ukishindilia kifusi chini: ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga, nne za kokoto. Imwagiwe maji kwa wiki nzima. Mwenye nyumba anayesema ni gharama kubwa hajapiga hesabu.

Mlango wa choo ufunguke kwa nje. Ukifunguka kwa ndani unakula nafasi, na mtu akianguka nyuma yake hakuna wa kumfikia. Kuhamisha bawaba ni kazi ya saa chache. Kwa choo cha kuchuchumaa, fundi wa kuchomelea anaweza kutengeneza kiti cha bomba za chuma chenye tundu, kimo sawa na kile cha kiti mwendo, yaani sentimita 45 hadi 50, miguu itanuke na ivalishwe raba za tairi. Bomba la kushikia ukutani likae sentimita 70 hadi 80 kutoka sakafuni. Hapa ajali ni nyingi, kwa sababu tofali zetu nyingi zina mchanga kuliko saruji, na skrubu ya kawaida huchomoka siku mtu anapoegemea uzito wake wote. Toboa ukuta mpaka upande wa pili, pitisha bolti, ufunge na kipande cha bati nene.

Yote haya yaandikwe kwenye mkataba wa pango: mpangaji ameruhusiwa kurekebisha nini, gharama inakatwa kwenye kodi au la, na akihama kinabaki nini. Nakala moja ipelekwe ofisi ya serikali ya mtaa. Bila maandishi, rampu huvunjwa mwenye nyumba akitaka kuegesha gari.

Kuhusu njia ya kwenda kazini, vituo vya mwendokasi vimejengwa usawa wa sakafu ya basi, na hilo daladala haliwezi. Tatizo ni kipande cha mwisho. Kimara ina kituo kizuri, lakini ukitoka barabarani unakutana na milima na makorongo ambayo kiti mwendo hakiyawezi. Magomeni na Sinza ni tambarare ila kodi iko juu. Piga hesabu ya bajaji kabla ya kukimbilia kodi ndogo: shilingi 3,000 kwenda na 3,000 kurudi kwa siku 26 ni shilingi 156,000 kwa mwezi, na pengine ndiyo tofauti yenyewe ya kodi. Asiyeona aangalie kingine kabisa: mitaro iliyo wazi na meza za wafanyabiashara zinazohama kila siku. Na kwa vyovyote, bonde la Msimbazi liepukwe kwa sababu ya mafuriko, kodi iwe ndogo namna gani.

Mwajiri ana jambo moja lisilomgharimu hata senti. Saa moja asubuhi basi la mwendokasi limejaa na kiti mwendo hakiingii. Mfanyakazi akiruhusiwa kuingia saa tatu na nusu na kutoka baadaye, tatizo limekwisha.

Nimesikia pia pendekezo kwamba watu wenye ulemavu wajengewe vijiji pembeni ya jiji, karakana na mabweni pamoja. Nia inaweza kuwa njema, lakini napinga. Nyumba ikifungwa na kazi, anayefukuzwa kazi analala nje siku hiyohiyo, na anayejua hivyo hathubutu kudai hata malipo ya muda wa ziada. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara ya 19 inasema mtu achague aishi wapi na aishi na nani. Halafu kwa nini kila mara iwe ushonaji na viatu? Anayependa cherehani ashone. Lakini wapo wahasibu, wapo wanaoweza kupokea simu za wateja, na kiziwi anaweza kuendesha mashine ya kuchapa mabango kama yeyote mwingine, mradi maelekezo ya usalama yawe ya maandishi au taa badala ya king'ora.

Anayetaka kujiajiri aulizie kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata mikopo isiyo na riba ya halmashauri, ambamo asilimia 2 ya mapato ya ndani imetengwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Kabla ya kuandika andiko la kuombea mkopo, arudi kwenye mkataba wake wa pango. Wengi huchukua mkopo wa friji au mashine ya kusaga halafu mwenye nyumba anakataa biashara uani, au luku ni ya wapangaji wote na ugomvi wa umeme unaanza wiki ya kwanza.

Kwa waliokataliwa kazi kwa sababu ya ulemavu, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi huo, na katazo linagusa pia matangazo ya kazi na usaili. Usaili ukifanyika ghorofa ya tatu bila lifti, au kiziwi akinyimwa mkalimani wa lugha ya alama, aombe mabadiliko kwa maandishi kabla ya siku yenyewe na atunze nakala. Malalamiko hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kwa fomu namba 1: ndani ya siku 30 kwa aliyeachishwa kazi, siku 60 kwa migogoro mingine. Aliyechelewa hujaza pia fomu ya kuomba kuongezewa muda na kueleza sababu, na sababu isiyo na karatasi haifiki mbali.

Fundi na mshauri wa makazi,
Tabata, Dar es Salaam