Wagonjwa wa Akili Wana Watoto, Waulizwe

Mhariri,

Kila magonjwa ya akili yanapojadiliwa nchini Uganda, mazungumzo huanzia Butabika, hospitali ya taifa ya wagonjwa wa akili, na kuishia huko huko, kana kwamba mgonjwa hana nyumba wala mtoto. Uchunguzi uliochapishwa Uingereza mwaka 2019 ulionyesha kwamba takriban mtoto mmoja kati ya kila wanne huko ana mama mwenye maradhi ya akili, mara nyingi sonona au wasiwasi uliopita kiasi, na hapo akina baba hawakuhesabiwa. Kwetu, ambako sensa ya 2024 ilikuta watu wapatao milioni 46 na kama nusu yao hawajafikisha miaka 18, sioni sababu ya kudhani kwamba watoto wa namna hiyo ni wachache.

Sisi walimu mara nyingi huwaona kabla ya daktari. Hapa Busia nimefundisha mtoto wa darasa la tano aliyekuwa akichelewa kila asubuhi kwa kuwa hakuthubutu kutoka kabla hajamwona mama yake amemeza vidonge. Alivijua kwa rangi, alijua vinakwisha lini, na kituo cha afya kilipoishiwa dawa, ndiye aliyekesha naye. Majirani walisema ni mapepo. Ungetegemea mtoto huyo amweleze nani?

Mgonjwa akifika kliniki, muuguzi humwandikia maelezo katika daftari la shule ambalo mgonjwa mwenyewe amelinunua, lakini ni nadra aulizwe ana watoto wangapi na nani amebaki nao. Norway imewawekea watumishi wa afya wajibu huo kisheria tangu mwaka 2010. Sisi tungeweza kuanza na mistari miwili tu katika daftari hilo hilo, kisha mhudumu wa afya wa kijiji, yule wa VHT, akapewa taarifa ili apite nyumbani.

Najua wazazi wengi watajibu kwamba hawana watoto, kwa hofu ya kunyang'anywa, hasa na ndugu wa mume. Kwa hiyo muuguzi aeleze kwanza kwamba hakuna anayekuja kuwachukua, maana wengi wa wazazi hawa, dawa isipokatika, hulea vizuri kabisa. Wizara ya Afya ianze na kliniki za hospitali za rufaa za mikoa, ambako wauguzi wa akili tayari wapo.

Mwalimu wa shule ya msingi,
Busia