Mdogo wangu, nitumie na majina ya waliobaki

Mdogo wangu,

Ujumbe wako nimeupata. Mkuu wa shule kakutwika igizo la mahafali ya kidato cha nne, umeshachagua kumi na wawili wenye sauti kubwa, na yule binti mwenye magongo umempa kazi ya kushika pazia. Nakujibu hadharani kwa sababu kosa hilo lilikuwa langu kabla halijawa lako.

Miaka mingi niliamini kazi ya mwalimu wa sanaa ni kusaka vipaji. Aliyenitoa huko ni Profesa Penina Mlama, kwa kazi yake. Mzaliwa wa Berega, Kilosa, alikuwa na tamthilia zilizochapishwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 70, bado kijana. Angeweza kutulia na jina lake. Lakini miaka ya 80 alikwenda hadi Malya, Mwanza, wanakijiji watunge wenyewe, kwa ngoma zao, juu ya yaliyowasibu. Mwaka 1996 yeye na Amandina Lihamba, mwanatamthilia mwenzake, wakaanzisha mpango wa Tuseme shuleni: wasichana wanataja kinachowakwamisha masomoni, wanachimba chanzo chake, wanaigiza mbele ya walimu wao, kisha panajadiliwa la kufanya. Alipokwenda Nairobi kuongoza FAWE, jumuiya ya Afrika inayotetea elimu ya wasichana, Tuseme ikavuka mipaka. Hakuna hatua inayouliza nani ana sauti nzuri.

Tuseme iliundwa kwa ajili ya wasichana. Mimi niliiazima kwa darasa lenye kila aina ya mtoto, na bado siku ya kwanza nikampa pazia mtoto mwenye magongo kama huyo wako. Pazia lenyewe kanga mbili juu ya kamba! Zamu ya kutaja kinachokwamisha ilipofika, wenzake walitaja ada, umbali, kazi za nyumbani. Yeye akasema, "Mimi sinywi maji." Tukacheka. Akaeleza: choo kina ngazi tatu, hakuna pa kushika, sakafu imelowa muda wote. Basi tangu alfajiri hadi saa tisa hanywi kitu, na kipindi cha mwisho kichwa kinamgonga, ubao hausomeki.

Igizo likawa hilo hilo. Alikaa mezani na jagi la maji na kikombe. Wenzake wanakuja wanamimina, wanakunywa, wanakimbia kucheza, wanarudi tena. Yeye anatazama tu. Dakika nne nzima yalisikika maji peke yake. Juma lililofuata fundi akaja kuchomelea bomba la kushikilia pembeni ya ngazi za choo. Ngazi zenyewe zipo mpaka leo, nisikudanganye.

Sasa usije ukampa huyo wako uhusika mkuu ili mgeni rasmi atoe machozi. Hilo nalo nimeshalifanya, na watoto walinistukia mapema. Muulize kwanza. Akisema pazia analipenda, mwachie pazia lake.

Mahafali ni tarehe ngapi? Ikiwa Oktoba, naweza kuomba ruhusa ya siku mbili. Majina kumi na mawili nimeyaona. Nitumie na ya waliobaki.

Kaka yako