YAH: CHETI CHA KIMONDO KISICHOLINGANA NA JIWE LENYEWE

Meneja,
Duka la Vito na Mawe ya Ukumbusho,
Arusha.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwezi uliopita nilinunua dukani kwenu kipande cha kimondo cha gramu 38 kwa shilingi 900,000. Nakala za risiti ya EFD na cheti nimeziambatisha. Cheti kinasema: "Ivuna, 1938, kondraiti ya kaboni, aina CI1." Yaani ni kimondo cha mawe (kondraiti) kilichoanguka Ivuna mwaka 1938, cha kundi adimu lenye kaboni liitwalo CI. Jiwe lenyewe linakikana cheti hicho.

Nililitazama kwa lenzi upande uliokatwa. Umejaa kondruli, vile vipunje vya mviringo, na katikati yake vinametameta vipande vya chuma. Kondraiti ya CI1 haina kondruli wala chuma cha namna hiyo, kwa kuwa maji yaliyokuwamo kwenye mwamba wake wa asili, huko huko angani, yalishageuza karibu kila kitu kuwa madini ya udongo na magnetaiti, yaani oksidi ya chuma inayonaswa na sumaku. Ni jiwe jeusi, jepesi, linalomeguka. Kijana wenu wa mauzo alinishauri nilioshe kwa maji na sabuni ili ling'ae. Lingekuwa la Ivuna kweli, ningebaki na tope kwenye beseni.

Kijana huyohuyo alinipa ushahidi wa sumaku, kwamba jiwe linanaswa nayo. Sumaku hunasa Ivuna kwa sababu ya magnetaiti, hunasa kondraiti za kawaida kwa sababu ya chuma na nikeli, na hunasa skrepa yoyote ya mtaa wa Unga Limited hapo Arusha. Kundi halijulikani kwa njia hiyo. Linajulikana maabara, kwa kupima madini na kemia ya jiwe, kisha jina na kundi hupitishwa na kamati ya Meteoritical Society, chama cha kimataifa cha wanasayansi wa vimondo, na kutangazwa kwenye orodha yake rasmi, Meteoritical Bulletin. Cheti chenu hakitaji maabara wala aliyepima. Kina muhuri wa duka na picha ya Mlima Kilimanjaro.

Sisemi mmeniuzia kokoto la mtoni. Naamini ni kimondo, ila ni kondraiti ya kawaida, jamii ambayo ni zaidi ya asilimia 80 ya vimondo vinavyoonekana vikianguka. Ningelipenda hata hivyo, kwa bei yake. Wakusanyaji tunaitafuta Ivuna kwa sababu kundi zima la CI limepewa jina lake, na kwa sababu kemia ya mawe hayo inakaribia mno ile ya Jua, ukiondoa gesi kama haidrojeni. Hicho ndicho nilicholipia.

Halafu kuna hesabu ambayo sijaipatia jibu. Kilichookotwa Ivuna, upande wa Ziwa Rukwa, baada ya kuanguka tarehe 16 Desemba 1938, kilikuwa na gramu 705 hivi. Kipande kikubwa kilichosalia kilinunuliwa mwaka 2008 na jumba la makumbusho la Natural History Museum la London. Vimondo vya CI vilivyoonekana vikianguka duniani kote ni vitano tu. Lakini kabati lenu la kioo lina trei nzima yenye lebo ya Ivuna, na kwa kukadiria kwa macho inazidi kilo. Mmeitoa wapi?

Nilipopiga simu nilijibiwa kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Kanuni hiyo haihusu bidhaa iliyouzwa kwa jina lisilo lake.

Kwa hiyo naomba nirudishiwe fedha zangu zote, nami nitalileta jiwe. Naomba pia lebo za trei ile ziondolewe, na wateja wengine waliopewa cheti kama hiki wajulishwe. Wengi ni watalii na huenda wameshaondoka nchini, ila mna barua pepe zao kwenye daftari la mauzo. Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14, nitapeleka shauri hili Tume ya Ushindani pamoja na viambatisho hivi.

Wako,
Mteja wenu,
Moshi.