Nafasi ya anayeanza isidai uzoefu wa miaka mitatu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu kwa waajiri wa hapa Dodoma wanaotafuta wasanidi programu wa ngazi ya kuanzia. Matangazo mengi ninayoyasoma huanza kwa kusema nafasi ni ya anayeanza kazi, kisha mistari miwili chini yake yanadai uzoefu usiopungua miaka mitatu. Sijui anayeanza aliupatia wapi uzoefu huo, labda tumboni mwa mama yake.

Mimi nilizunguka na bahasha miezi kumi na mmoja. Katika usaili mmoja, kwenye kampuni ambayo sitaitaja, tulipewa karatasi na kalamu tuandike fasili za istilahi, na hakuna aliyefungua kompyuta hadi tunaondoka.

Kilichonipatia ajira ni kazi ndogo niliyomfanyia mjomba wangu, anayekusanya zabibu za wakulima kule Hombolo. Karani wake aliingiza kilo za kila mkulima kwenye programu ya simu niliyoitengeneza. Siku moja ya mavuno mkulima mmoja alionekana ameleta kilo 64, na dakika hiyohiyo kilo 64 nyingine. Mtandao ulikuwa unasuasua. Karani alibonyeza "Hifadhi", akaona kimya, akabonyeza tena, na seva, yaani kompyuta inayotunza kumbukumbu hizo, ikapokea maingizo yote mawili. Nilirekebisha kwa kuipa kila stakabadhi namba yake ya pekee humo humo kwenye simu kabla haijatumwa, ili seva ikiiona namba ileile mara ya pili ijibu tu kwamba imekwisha kuipokea. Mistari ya msimbo niliyoandika haikufika ishirini. Niliiweka GitHub, tovuti ambako wasanidi huhifadhi na kuonyesha kazi zao, pamoja na maelezo ya kilichotokea, na katika usaili wangu wa mwisho msaili aliusogeza pembeni wasifu wangu, akayasoma maelezo hayo, kisha akaniuliza: "Na simu ikizimika kabla jibu halijarudi?" Tulizungumza karibu saa nzima juu ya zabibu za mjomba. Wiki iliyofuata nilianza kazi.

Nawaomba waajiri waondoe sharti la miaka katika nafasi hizi, na badala yake wampe mwombaji programu ndogo yenye hitilafu ya kweli na saa tatu za kuishughulikia, intaneti ikiwa wazi maana hata kazini tunaitumia, kisha wamketishe aeleze alichobadilisha na kwa nini. Aliyenakili jibu la akili mnemba bila kulielewa atakwama kwenye swali la pili. Usaili wa namna hii utamla mhandisi wao siku nzima, nalikubali hilo, lakini kumlipa miezi ya majaribio mtu aliyefaulu kwa kukariri ni ghali zaidi.

Na ofisi zinazopokea wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, wakiwemo wengi wa Chuo Kikuu cha Dodoma, ziwape walau hitilafu moja ya mfumo wao waihangaikie. Wapo wanaomaliza wiki zote wakibadilisha wino wa printa.

Msanidi programu,
Nkuhungu, Dodoma