Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Usalama na Hali ya Makazi Mtaani Kwetu

Ndugu wanachama,

Nianze na lililozua mabishano kikao kilichopita. Matukio ya uhalifu yaliyoandikishwa polisi kutoka mtaani kwetu yameongezeka, na wapo wanaosema mtaa umeshaharibika. Mimi sikubali haraka hivyo. Tangu kamati ianze kuwasindikiza kituoni waliotendewa uhalifu, waliokuwa wakinyamaza sasa wanaandikisha. Isitoshe, vyumba vya kupanga vimeongezeka na watu wamekuwa wengi. Ukilinganisha mwaka na mwaka bila kugawanya matukio kwa idadi ya wakazi, unajidanganya.

Kilichonishtua ni ramani. Katibu alipoweka alama kila penye tukio, nyingi ziliangukia sehemu tatu: uchochoro wa nyuma ya karakana, kituo cha basi na lile pagale ambalo mwenyewe haonekani. Hali hii si yetu peke yetu. Mwaka 1989 mtafiti wa uhalifu Lawrence Sherman na wenzake walionyesha kuwa katika jiji la Minneapolis, Marekani, nusu ya simu walizopigiwa polisi zilitoka kwenye takriban asilimia 3 tu ya anwani. Ndiyo maana kamati ilikataa pendekezo la kuufunga mtaa mzima kwa mageti. Lingekomba akiba yote, na baadhi ya vibaka tunaowalalamikia wanalala humu humu ndani.

Fedha tumezipeleka kwenye zile sehemu tatu. Taa za uchochoroni zinawaka, isipokuwa moja inayozimika kila mara. Fundi anailaumu mvua, nami nina mashaka yangu. Kwenye pagale tumefyeka majani na kuzoa taka. Wanaoona kufyeka ni kazi ya mapambo wajue kuwa jijini Philadelphia, Marekani, walilipima jambo hili: viwanja 541 vilivyotelekezwa viligawanywa kwa bahati nasibu, vingine vikasafishwa na vingine vikaachwa. Matokeo yaliyotolewa 2018 yalionyesha kuwa, kwenye vitongoji maskini, mashambulizi ya bunduki karibu na vilivyosafishwa yalipungua kwa asilimia 29.

Mfereji wa maji machafu haujakamilika. Tunafuatilia kibali.

Linaloniudhi zaidi ni doria. Wanaojitokeza ni wale wale, wengi wao wenye nyumba, kisha tunawalaumu wapangaji kwamba hawajali. Wangejali vipi na vikao hatuwaiti? Utafiti wa Robert Sampson na wenzake mjini Chicago, uliochapishwa 1997, ulikuta kwamba hata kati ya mitaa yenye umaskini unaofanana, ukatili ulikuwa mdogo pale majirani walipoaminiana na kuwa tayari kuingilia kati. Huwezi kumwamini jirani usiyemjua hata jina.

Kwa hiyo kamati inaleta hoja moja katika mkutano mkuu: mpangaji aliyekaa mtaani miezi sita awe mwanachama kamili, apige kura na aweze kugombea. Najua baadhi ya wenye nyumba wanaipinga. Waje waseme sababu zao mbele ya wote, kisha tupige kura.