Kasi ya maneno nayo ni dalili ya ugonjwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo familia nyingi hulishuhudia bila kulitambua, nalo ni jinsi usemi wa mgonjwa wa baipola, yaani ugonjwa wa akili unaozipandisha na kuzishusha hisia za mtu kupita kiasi, unavyobadilika anapopandwa na ule msisimko uliopita kiasi ambao madaktari huuita mania.

Kaka yangu ni fundi cherehani, mtu wa maneno machache ambaye wateja humsalimia mara mbili ndipo aitikie. Ugonjwa ulipompanda mara ya kwanza hatukuona vurugu yoyote. Tulichosikia ni maneno. Alijibu salamu kabla haijaisha, akazungumza tangu alfajiri hadi usiku wa manane bila kumwachia mtu mwanya, kwa sauti ya juu ambayo kufikia siku ya nne ilikuwa imekauka na kukwaruza, na bado hakunyamaza. Wazo moja lilikatwa na jingine, hata ikafika mahali maneno yakawa yanaitana kwa mlio tu: akitaja shati, hufuata bahati, kisha hati, kisha manati. Majirani, kwa vile sisi ni watu wa vina na mizani, walimsifu kwamba amekuwa malenga. Wengine walisema amelewa, na vijana wakamrekodi kwa simu na kumsambaza mtaa mzima. Video hiyo humuumiza hadi leo, nami nawaomba wenye tabia hiyo waiache.

Hospitalini tuliulizwa analala kiasi gani na anaongeaje. Usemi wa kasi usiozuilika, sambamba na kutohitaji usingizi mwingi, umo katika vigezo vya kutambua mania, hasa hali hiyo ikidumu wiki moja au zaidi. Si kwamba kila msemaji ni mgonjwa (mimi mwenyewe nisingesalimika). Kinachoangaliwa ni mtu kuiacha desturi yake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, wamejaribu hata kuzitambua dalili hizo kwa kuchambua sauti za wagonjwa katika mazungumzo ya simu.

Kwetu kazi hiyo anaifanya mama, ambaye humpigia kaka kila jioni. Mwaka jana alimjibu maswali matatu ambayo mama hakuwa amemuuliza. Asubuhi yake tulikuwa kliniki, sauti ikiwa bado haijakauka.

Dada wa mgonjwa,
Tanga